Kula Kwanza kwa Mama Feza

Nakumbuka msimu mmoja wa baridi ambao usingizi wangu ulikatwa na swali moja: mtu akikubali kuchekwa na majirani zake, je, amekubali pia kuchekwa na watu asiowajua? Nililigeuza swali hilo kila upande. Nikipata jibu, napata na sababu ya kulikataa, na asubuhi naenda kazini na kichwa kizito kama mtu aliyetoka matangani.

Nakuita mwanangu, Mwadi, na najua utacheka, kwa sababu nimekuzidi miaka michache tu na bado tunaazimana viatu. Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu mkubwa, na kwa ukoo wetu mimi ni mama yako mdogo. Hiyo inanipa ruhusa ya kutoa nasaha kabla ya kupata mvi. Umeniandikia kuhusu ile video ya kina mama wanaocheza kwenye msiba kule Katuba, yule mmoja akiwa analia huku anacheza. Umeuliza uiweke wazi katika hifadhi au uifunge. Umenitajia sababu za kuiweka, sababu za kuifunga, na sababu za kutoziamini sababu zako mwenyewe. Niliposoma nilijiona mimi. Kwa hiyo nitakusimulia habari ya kaseti moja, halafu utafanya utakavyoona.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu hapa Lubumbashi na kupata kazi ya kwanza katika kituo kidogo cha utamaduni, ndani ya chumba kilekile unachokaa wewe sasa. Kazi yetu ilikuwa kuokoa michezo ya zamani ya mitaa: ngoma, nyimbo, na hasa tamthilia zilizochezwa katika nyua za watu, zile tunazoziita lupango. Tamthilia hizo hazikuandikwa. Mkuu wa kikundi aliwaambia wachezaji mwanzo na mwisho, na katikati kila mmoja alijitafutia maneno, huku watazamaji wakijibu, wakibisha, wakiwakumbusha waliyosahau. Mchezo usiponaswa kwenye kaseti ulikwisha siku ileile. Sisi tulikuwa tunachukua kaseti zilizobaki, tunasafisha utepe, tunahamisha sauti kwenye kompyuta umeme ukiwapo, kisha tunaiweka katika hifadhi ya kidijitali ambayo mtu yeyote mwenye simu angeweza kuifungua.

Siku moja Papa Ilunga alituletea mfuko wa kaseti. Alikuwa mkuu wa kikundi cha komuni ya Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, mzee mrefu mwenye kofia ya jukwaani ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, padri alikuwa amechoka kumwomba aivue. Kaseti nyingi zilikuwa zimeota ukungu. Nyingine watoto wake walikuwa wamerekodi juu yake nyimbo za kwaya. Moja tu ilipona, na humo mchezaji mkuu alikuwa Mama Yumba, mke wake, ambaye alifariki kabla mimi sijaanza kazi. Hakuna mahali pengine ambapo sauti yake ilibaki.

Nikueleze mchezo wenyewe. Mke kijana anasikia kwamba wakwe zake wanakuja kutoka Mitwaba kukaa kwake. Hataki. Anajilaza kitandani na kujifanya mgonjwa, akitumaini wataona vibaya na kurudi. Wakwe hawarudi. Mama mkwe anafungua mzigo, anasema hawezi kumwacha mkaza mwana wake katika hali ile, anahamia chumbani na kuanza kumlisha uji. Mgonjwa haruhusiwi kuinuka. Wageni waliokuja kusalimia wanakaa mpaka mahindi yanavunwa. Mama Yumba aliigiza ule ugonjwa kwa namna ambayo hata Trésor, fundi wetu wa mitambo asiyecheka kirahisi, alisimamisha mashine ajifute macho.

Taabu ni kwamba mambo yale yalitokea kweli. Yalimtokea Mama Feza, aliyekuwa anakaa kwenye barabara ileile ya Papa Ilunga, na katika kaseti anatajwa kwa jina. Zaidi ya hapo, yeye mwenyewe yumo. Mama mkwe wa jukwaani anaposifu uji wake, sauti ya mwanamke kijana inapanda kutoka kwa watazamaji: "Muongo. Haikukuwa na sukari." Lupango nzima inalipuka kwa kicheko, na Mama Yumba, pale kitandani, anaitikia kwa unyonge, "Hata chumvi." Papa Ilunga alitwambia sauti ile ilikuwa ya Mama Feza mwenyewe.

Na Mama Feza alikuwa hai. Alikuwa anakaa kwa mtoto wake, mtu mwenye jina mjini, katika nyumba kubwa ya mtaa wa Golf. Nikiiweka kaseti wazi, bibi mzima angechekwa na watu ambao hajawahi kuwaona. Nikiifunga, Mama Yumba angenyamaza tena, na safari hii mimi ndiye ningekuwa nimemnyamazisha.

Nilifanya anachofanya mtu aliyesoma na mwoga. Nilitafuta njia ya kuamua bila kuonana na mtu. Kwanza niliondoa jina la Feza kila lilipotajwa. Mchezo ukajaa mashimo, kana kwamba wachezaji wanapigwa kofi kila baada ya sentensi. Nikarudisha. Kisha nikaondoa sauti za watazamaji, sauti ile ya sukari ikiwamo. Kilichobaki kilikuwa kama mtu anayechekesha chumba kitupu. Nikarudisha tena. Nikamwandikia mwalimu wangu wa chuo, naye akanijibu kwa maneno mazuri ambayo yalikuwa pande zote mbili.

Trésor, ambaye aliniita Yaya, yaani dada, alichoka nami.

"Yaya, weye ukipika chai, utauliza kwanza mayi kama inakubali kuchemka. Weka ile kintu, tuende kula."

"Na akikasirika?"

"Muzee ule atakasirikia wapi? Hana hata simu ya kufungulia."

"Mtoto wake anayo."

"Basi funga."

"Na Papa Ilunga?"

Trésor alivaa koti lake. "Miye niko naenda kula," alisema, akaniacha.

Niliamua kwenda kwa Papa Ilunga, nikitumaini ataamua yeye. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea milango ya chuma, kwa hiyo mazungumzo yetu yalikatwakatwa na makelele, na vumbi la msimu huo usio na mvua lilikuwa limepaka kila kitu rangi ya tofali. Nilimpa hoja zangu zote. Nilikuwa nimezipanga vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia kichwani, bila kunikata hata mara moja, na hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi.

"Ulisoma sana, mwana yangu, na iko muzuri," alisema. "Lakini kichwa yako inamujua Mama Feza?"

"Hapana, Papa."

"Sasa unaiuliza ju ya nini?"

Nimekemewa na watu wengi maishani, mwanangu, wengine kwa sauti kubwa, lakini hilo ndilo karipio lililonikaa. Halikuwa na hasira yoyote. Ni kama alikuwa ananionyesha kwamba nimevaa sweta kinyume.

Kisha akanieleza jinsi walivyokuwa wanafanya. Kikundi chake hakikucheza mambo ya mtu yeyote kabla ya kula kwake. Nilidhani ni namna ya kusema tu, kumbe alikuwa na maana ya kula.

"Hatukukuwa tunaomba," alisema. "Ukimuomba muntu, atasema ndiyo ju ya kuona haya. Tulikuwa tunaenda kwake, tunamuelezea mchezo yote, hata pale penye batamucheka. Kisha tunanyamaza, tunangojea chakula."

"Chakula?"

"Akitupa na mukono yake, tunacheza. Akituma muntu mwingine, tunakula, tunasema aksanti, tunaenda. Ile mambo inakufa palepale. Hakuna mwenye alisema hapana, hakuna mwenye alipata haya."

"Na asipoleta chakula kabisa?"

"Pale banakufukuza, mama. Usikawie."

Nilimwuliza kama Mama Feza aliwapa. Alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Alitupa. Sombe na samaki ya kukauka. Lakini alitoa ju ya bantu ba avenue yetu. Haikukuwa ju ya bantu ba Kinshasa na ba Ulaya."

Nikamwomba twende wote Golf. Alikataa, na nilimwona akishika ukingo wa kofia yake.

"Miye nataka sana kusikia ile sauti ya Yumba. Mwenye anataka sana hatukukuwa tunamutuma, ju atasukuma. Na tena, safari hii mwenye kucheza ni weye. Ukifinya ile bouton yako ya kompyuta, njo pale unacheza. Nenda ukule."

Nilikaa siku kadhaa nikitafuta sababu ya kutokwenda, na nilizipata nyingi. Labda mtoto wake angenifukuza getini. Labda ningeamsha ugomvi uliolala. Labda ujumbe wa simu ungetosha. Kila sababu ilikuwa nzuri, na kila mara nilipoishika nilikuwa nakumbuka kwamba ni kichwa changu tena kinachosema habari za mtu kisiyemjua. Hatimaye nikapanda basi.

Mlinzi wa geti alipiga simu ndani, akanipitisha upande wa nyuma. Nyumba ilikuwa na sebule yenye vioo virefu na jiko la kisasa, lakini Mama Feza alikuwa nje, kwenye baraza la nyuma, akiota moto wa mbabula, jiko la makala, yaani makaa, huku akichambua maharagwe. Alivaa sweta ya sufu juu ya kitenge. Alikuwa mdogo kwa umbo kuliko nilivyomtarajia.

"Weko mwana ya nani?" aliuliza.

Nilimtajia wazazi wangu, hakuwajua. Nikamtajia bibi yangu, ambaye wewe humkumbuki, aliyekuwa akiuza makala karibu na soko la Kenya.

"Ule mwenye alikuwa anapunguza makala mu mifuko?"

"Ndiye, Mama."

"Basi kaa."

Nilianza vibaya. Nilianza kwa kuomba radhi kwa jambo ambalo sijalifanya, na nikaona mikono yake inasimama juu ya maharagwe. Nikaacha. Nikafanya kama nilivyoambiwa: nikamweleza mchezo wote, tangu wakwe waliposhuka kwenye gari la Mitwaba hadi uji, bila kuruka pale anapochekwa. Nilimwambia kwamba utakuwa mahali ambapo mtu yeyote mwenye simu ataweza kuusikiliza, mtu wa hapa na mtu wa mbali, leo na siku ambazo sisi sote hatutakuwapo. Kisha nikaweka simu kwenye kiti katikati yetu, nikamsikilizisha.

Hakucheka. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza mvua inayokuja. Mahali pa uji midomo yake ilianza kusogea kidogo, na sauti yake ya ujana iliposema haikukuwa na sukari, yeye aliisema pia, polepole, bila sauti. Mchezo ulipokwisha alirudi kwenye maharagwe. Nami nikanyamaza, na ukimya ule, Mwadi, kwa mtu kama mimi na wewe, ndio ulikuwa kazi yenyewe. Maneno mengi yalikuja mdomoni. Niliyameza.

Baadaye aliita kuelekea jikoni. "Pascaline. Leta chakula ya mugeni."

Nilielewa. Ametuma mtu mwingine. Nilihisi kitu kama ahueni, maana hata hapana ni jibu, na nikaanza kupanga kichwani maneno ya kumwambia Papa Ilunga. Pascaline, msichana wa jikoni, alikuja na sinia: bukari, yaani ugali, chini ya kifuniko, sombe ya majani ya muhogo kwenye bakuli, maji ya kunawa. Alitaka kunipakulia.

"Weka pale," Mama Feza alimwambia.

Aliinuka, ikamchukua muda. Akanimiminia maji mikononi yeye mwenyewe. Akafunua bukari, akachukua kijiko, akakata fungu, akaliweka kwenye sahani yangu.

"Unanitazama nini? Ulizani nilisahau?" alisema. "Ilunga hakukufundisha yote. Muntu akizeeka, chakula analetewa. Kugawa njo kwake."

Nilisema aksanti. Nikangoja mboga. Hakuipakua. Alivuta bakuli la sombe upande wake na kuweka kifuniko juu.

"Bukari njo hii. Mboga iko inangojea."

"Inangojea nini, Mama?"

"Bale ba avenue balijua mwisho. Bale ba simu yako habajui."

Na akanieleza kitu ambacho hakimo kwenye kaseti, kwa kuwa kilitokea baadaye, na kwa kuwa siku ya mchezo hakuna aliyekijua. Mama mkwe yule hakurudi Mitwaba. Alikaa kwake mpaka akazeeka. Alipougua kweli, ni Mama Feza aliyemlaza katika kitanda kilekile na kumlisha uji, na yule bibi, akiwa hana nguvu hata ya kushika kikombe, alikuwa akionja na kusema, "Feza, sukari iko wapi?" Wote wawili walikuwa wanacheka mpaka uji unamwagika. Barabara nzima ilijua. Baada ya hapo, mtu wa Kenya aliyeukumbuka mchezo alicheka akijua wale wawili walifika wapi. "Muntu wa mbali," alisema, "atasikia tu muke mubaya mwenye hakutaka bakwe."

Nilimwuliza kama naweza kurekodi maneno hayo. Akasema alidhani ndilo lililonileta. Nikawasha simu, naye akayasema tena yote, taratibu, akitaja jina la mama mkwe wake na kijiji alikotoka. Alipomaliza alifunua sombe na kunipakulia kwa mkono wake, nyingi kuliko niliyoweza kula. Nilikula yote.

Siku iliyofuata nilimwambia Trésor kwamba kaseti ile na maneno ya Mama Feza vitawekwa kama kitu kimoja. Alisema mfumo wetu unaweka kila rekodi peke yake. Nilimwambia basi tuziunganishe ziwe rekodi moja, mtu asiweze kufungua mchezo bila kufika kwenye uji wa pili. Alinitazama, nadhani kwa sababu sikuwa nimetanguliza "labda".

"Uliamua?" aliuliza.

"Niliamua."

Alivuta kiti. Tuliiweka wazi kabla ya chakula cha mchana.

Jioni ile nilipita kwa Papa Ilunga na simu mkononi. Wachomeleaji walikuwa wamefunga, kukawa kimya. Hakuuliza habari ya kaseti.

"Ulikula nini?"

"Bukari na sombe, Papa."

"Na mukono yake?"

"Na mkono wake."

Alivua kofia. Sikuwahi kukiona kichwa chake kabla ya hapo. Kilikuwa na upara mdogo katikati. Akaiweka kofia gotini na kusema, "Bon. Piga sasa ile sauti."

Nasaha yangu kwako ni hii, mwanangu, na si ndefu. Usiniulize mimi kuhusu video ya Katuba, maana simjui yule mama anayelia. Wala wewe humjui. Ukikaa ofisini unapima haki zake na heshima yake, bado ni wewe peke yako unayeongea, hata kama unaongea vizuri. Kila unapoweka mchezo wazi, unauchezesha upya mbele ya watu wapya, na aliyetoa ruhusa yake siku ile aliitoa kwa watu waliokuwa mbele yake. Nenda kwake. Mweleze yote, usimpe swali la kumbana. Kisha nyamaza, ungoje. Akikukatalia, ile video ikae imefungwa, salama, wala usiifute. Watu hubadilika, na wajukuu huuliza. Akikubali, sikiliza anachotaka kiwekwe pamoja nayo, maana yeye ndiye anayejua mwisho.

Wasiwasi wako hautaisha. Wangu haukuisha. Uchukue tu, upande nao basi.

Mungu akupe miguu ya kutoka nje ya ofisi yako, Mwadi, na masikio yasiyochoka mapema. Wenye nyumba wakukumbuke kwa wema kuliko walivyomkumbuka bibi yetu wa makala. Na kila lupango utakayoingia, mwenye nyumba akinyoosha mkono, mkono huo uwe umeshika kijiko.